Herufi Moja Kwenye Daftari la Maombi

Nilianza kuogopa siku Mungu alipokosea herufi moja.

Herufi yenyewe ni o.

Najua inavyosikika. Hata mimi ningekutana na maneno hayo mtandaoni ningecheka kidogo nikapita. Lakini tulia nikusimulie, maana mimi nilikuwepo, na kalamu iliyoandika ilikuwa yangu.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Kushona sijui, hata kifungo changu anakishona mke wangu. Mimi ni wa mikanda, mota na sindano zilizokwama. Kiwanda chetu kinashona mashati, ukumbi mmoja mrefu, cherehani themanini na mbili, na zote zikinguruma lazima umsogelee mtu sikioni ndipo akusikie.

Niliokoka nikiwa na miaka thelathini na moja. Aliyenishika mkono ni mama mmoja mkaguzi, mtu mzima, tulimwita Bi Kasoro.

Alikaa mwisho wa ukumbi chini ya taa nyeupe, na kipande cha chaki mkononi. Akiona mshono umeruka anachora alama, shati linarudi. Hakuwa na mswalie mtume. Shati la bosi mwenyewe aliwahi kulirudisha.

Kila Jumanne saa ya chakula tulikaa nyuma ya majora ya vitambaa tukasoma Injili. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Mama, sauti ya Mungu inasikikaje?"

"Wiki hii wewe umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Basi tusome tena."

Miaka miwili ya "tusome tena". Jamani.

Nilipopata nafasi ya kazi kiwanda kingine, nilimfuata aniambie Mungu anasemaje. Akaniuliza maswali matatu, akachukua chaki yake, akarudi kwenye mashati. Nilitaka jibu, yeye akanipa kazi ya kufanya.

Niliona ananizungusha. Wenzangu walikuwa na walezi wa kiroho waliokuwa wakiambiwa mambo. Wangu alikuwa anaambiwa kuhusu kola na mifuko.

Ndipo mke wangu akaanza kwenda kwenye ushirika mwingine. Wiki tatu alikwenda peke yake. Wiki ya nne akanivuta na mimi.

Kilikuwa chumba cha juu, chini yake duka la rangi. Ukipanda ngazi harufu ya rangi inakufuata mpaka ndani. Viti vya plastiki kama arobaini, pazia jeupe, meza yenye droo. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, shati limenyooka kama limepigwa pasi akiwa amelivaa. Walimwita Mlezi.

Hakupiga kelele kama wengine. Aliongea taratibu, sauti ya chini, mpaka ulazimike kuinama kumsikiliza. Hakuomba sadaka hata siku moja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Siku yangu ya kwanza alinitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, nyumbani kwenu kuna chumba kilipakwa rangi ya njano. Kikafungwa."

Nikapiga magoti palepale.

Kile chumba tulikipaka mimi na mke wangu, mimba ikiwa na miezi sita. Mtoto hakufika. Tukafunga mlango, ufunguo tukautupia juu ya kabati, na hatukumwambia mtu. Hata mama yangu mzazi hakujua rangi ya kile chumba.

Nililia kama mtoto. Nikasema, haya, huyu ndiye. Huyu Mungu anaongea naye.

Bi Kasoro nikamwacha. Sikumuaga hata. Jumanne zilipofika nikawa najifanya nina mota ya kufungua.

Ndani ya miezi michache Mlezi alinipandisha nikawa msikilizaji. Kila msikilizaji alikuwa na watu wake watano wa kuwafuatilia, na daftari la bluu. Unaandika mizigo yao: nani anaumwa, nani ana ndoa inayoyumba, nani amebeba nini moyoni. Ijumaa unalipeleka kwa Mlezi, Jumapili mchana baada ya ibada unarudishiwa.

"Ni ili nijue namna ya kuwaombea," alituambia. "Mchungaji asiyejua kidonda cha kondoo atamshika palepale penye kidonda."

Ilikuwa na mantiki. Niliandika.

Mmoja wa watu wangu alikuwa mwenzetu kiwandani, Mama Lebo. Ndiye aliyekuwa akishona lebo kwenye kola, mashati mia nne kwa siku, daima amevaa mikono mirefu, hata joto liwe vipi. Mcheshi kweli. Alikuwa akisema yeye peke yake ndiye anayejua shingo za watu wote wa nchi hii.

Shingo yake mwenyewe ilikuwa imevimba. Tezi. Mwanzoni ilikuwa kama limau, baadaye kama ngumi. Akipanda ngazi ulisikia pumzi yake inapiga filimbi. Daktari alimwambia uvimbe unaota kuelekea ndani, unabana njia ya hewa, asicheze nao. Akapangiwa upasuaji, siku ya Alhamisi.

Wiki moja kabla, tukiwa nyuma ya majora, aliniambia kwa nini anaogopa.

"Sihofii kisu, fundi. Ninahofia kulazwa usingizi. Nikilala sana ninamuona mwanangu."

Kisha akapandisha mkono wa shati. Ngozi kuanzia kiwiko mpaka kiganjani ilikuwa imekunjamana kama nailoni iliyopitiwa na pasi. Mtoto wake wa kwanza alikufa nyumba ilipowaka. Alijaribu kuingia. Majirani wakamvuta nje kwa nguvu. Miaka kumi na moja hakuwahi kumsimulia mtu.

Nikamshika bega.

Ijumaa ile nilichelewa. Niliandika nimesimama ngazini, daftari nimeliegemeza ukutani, watu wananipita. Nikalikabidhi, nikakimbilia basi.

Jumapili, Mlezi akamsimamisha Mama Lebo.

Alifumba macho. Chumba chote kikanyamaza, tukawa tunasikia tu jinsi anavyopumua yule mama.

"Naona maji," akasema. "Naona mto. Naona mtoto, wa kwanza wa tumbo lako, anachukuliwa na maji, na wewe uko ukingoni."

Nilishtuka. Nikadhani nimesikia vibaya.

Mama Lebo alianguka chini. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia, cha mtu aliyetua mzigo. "Ni kweli," akasema. "Ni kweli, baba."

Watu wakapiga makofi na kumshukuru Mungu. Mimi mikono haikunyanyuka.

Mlezi akaendelea, taratibu vilevile. "Maji yaliyomchukua mwanao ndiyo yaliyokujaa shingoni. Hayo hayatolewi kwa kisu. Bwana anasema kisu kisikuguse. Ukilala kwenye kile kitanda, utamfuata mwanao."

Akafungua macho. Sitasahau alichosema mwisho.

"Na kabla ya Alhamisi atakuja mtu wako wa karibu kukushawishi uende. Atakuja na machozi. Huyo umfungie mlango."

Nilirudi nyumbani mbio. Kabla ya kuvua viatu nikafungua daftari la bluu.

Mwandiko wangu huu hapa. Umelala upande, wa mtu mwenye haraka.

"Mtoto wake wa kwanza alifia mtoni."

Nilisoma mara tatu. Motoni. Nilikusudia kuandika motoni. Ile o niliiacha ngazini, na Mungu naye hakuijua.

Nilikaa kitandani, nikamwita mke wangu, nikamwonyesha, nikamweleza. Akatazama ule mstari, akainuka, akaenda kwenye begi lake la ibada.

Akatoa daftari. La bluu.

Kumbe na yeye alikuwa msikilizaji, wa kina mama, aliyepewa daftari wiki yake ya tatu tu. Alikuwa amekatazwa kuniambia, kwa kuwa, eti, mume na mke wakijuana wataandika kwa kufichana. Akafungua ukurasa wa kwanza, akanipa.

Tarehe ilikuwa wiki moja kabla ya mimi kupanda zile ngazi.

"Tulikipaka rangi ya njano. Mume wangu hataki hata tukitaje. Naomba aombewe."

"Nilidhani naandika ombi," akasema. "Uliponyanyuka unalia siku ile, nilijua. Nikashindwa kukuambia. Ulikuwa na furaha sana."

Jumatatu baada ya kazi nilimfuata Mlezi. Peke yangu. Jua lilikuwa bado kali, duka la rangi limejaa wateja, lakini juu kulikuwa kimya. Nilimkuta mezani, amevaa miwani, anasoma daftari ambalo mwenyewe hakuja kulichukua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti."

Sikuketi. Nikamwonyesha mstari. Nikamwambia ni moto, sio mto.

Nilitegemea ababaike au aje juu. Hakufanya lolote. Alivua miwani akaifuta.

"Mungu hutumia vyombo," akasema. "Daftari ni chombo. Wewe ni chombo. Kama chombo kimetoboka, ni kosa la maji?"

"Mama wa watu atakufa, baba."

"Aliyeandika nani?"

Nikautazama mwandiko wangu.

"Basi, kama kuna damu, unajua iko mikononi mwa nani." Akasema hivyo kama mtu anayekuonyesha njia ya posta. "Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nenda nyumbani. Ukienda kwa yule mama, utakuwa ndiye mtu niliyemtabiria. Wote walinisikia."

Nikageuka niondoke. Nikasikia droo inafunguka.

"Mkeo ni mwandishi mzuri kuliko wewe," akasema. "Hukosea mara chache. Yapo aliyoandika kuhusu wewe ambayo hajakuambia. Nina nakala zake hapa. Keti, nikusomee."

Nakuambia ukweli, na ukweli huu unaniaibisha. Nilisimama pale muda mrefu. Mkono ulikuwa kwenye kitasa na masikio yote yalikuwa kwenye droo. Mwaka mzima alikuwa amenizoesha kuamini kwamba mtu fulani, mahali fulani, ana jibu langu, kazi yangu ni kuinama tu nilipokee.

Alijua ninachofikiria. Alikuwa anangoja.

Sikuteremka kwa ushujaa. Niliteremka kwa sababu mteja aligonga kopo la rangi chini, likapiga kishindo, nikajikuta nimefungua mlango.

Jumanne saa ya chakula nilikwenda nyuma ya majora. Bi Kasoro alikuwepo, peke yake, Injili magotini, kama vile sijawahi kukosekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mota zimeisha?"

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikamwambia, "Mama, leo usinizungushe. Niambie Mungu anasemaje."

"Hujaacha tu," akasema.

Akafunga kitabu. Akatazama mikono yake, vidole vyeupe kwa chaki.

"Nikuambie kwa nini sijawahi kukujibu. Nikiwa na umri wako kulikuwa na binti niliyekuwa namlea kiroho. Akaniuliza aolewe na fulani au asiolewe. Mimi nilimpenda yule kijana, alikuwa mpole kanisani. Nikamwambia Mungu amesema ndiyo. Mungu hakuwa amesema. Niliona tu wanapendeza." Akajifuta chaki vidoleni. "Baada ya miaka minne nilimuosha mimi, yule binti. Kabla ya kuzikwa. Nilihesabu alama mwilini mwake."

Ukumbini cherehani zilikuwa zimezimwa.

"Tangu siku hiyo siweki maneno yangu kinywani mwa Mungu. Nitakuuliza tu. Ukinyamaza, nani anapona?"

"Mimi."

"Ukisema, nani anaumia?"

"Mimi. Na Mlezi."

"Na unayesoma habari zake humu kila siku," akagonga Injili, "angekuwa wewe angekaa upande gani?"

Sikusikia sauti yoyote ya ajabu, wala mwili haukunisisimka. Nilijua tu, kama ninavyojua mkanda umelegea kabla sijaufungua.

"Nitakusindikiza," akasema. "Lakini mdomo utakuwa wako."

Mama Lebo alikuwa likizo, nyumbani. Tulifika alasiri. Alifungua mlango nusu, mnyororo ukiwa bado umefungwa, akaniona, akaona na macho yangu yalivyo.

"Umekuja na machozi," akasema.

"Ndiyo."

"Alisema utakuja."

Akaanza kufunga. Nikaweka daftari katikati ya mlango na fremu. "Usinifungulie, mama. Soma tu. Mstari wa nne. Sauti uliyoisikia Jumapili ni mwandiko wangu. Uliniambia motoni, mimi nikaandika mtoni. Nisamehe. Nilichukua siri yako nikampa mtu, na tena nikaikosea."

Filimbi ya pumzi yake tu, upande wa pili wa mlango.

Ilichukua muda. Kisha nikasikia mnyororo unatolewa.

Alikuwa amelishika daftari kifuani. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Fundi, unadhani sikujua?"

Sikuelewa.

"Nilikuwepo. Mkono huu hapa. Unadhani mtu anaweza kunidanganya mwanangu alikufaje?" Akavuta pumzi, ikapiga kelele. "Aliposema mto, nilijua amekosea. Lakini nikaona, mtoni mtu anachukuliwa tu. Anakuwa kama amelala. Hapigi kelele. Miaka kumi na moja ninasikia kelele. Mtu wa Mungu akinipa maji badala ya moto, mimi ni nani niyakatae? Nikayapokea."

"Na kisu?" Bi Kasoro akauliza, kwa mara ya kwanza.

"Nikikubali maji, lazima nikubali na la kisu. Yamekuja pamoja."

Nilikuja kumfungua macho mtu ambaye macho yake yalikuwa wazi kuliko yangu.

Bi Kasoro akaingia, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, yeye na umri wake. Hakuomba wala hakukemea kitu. Akasema, "Dada, niambie kuhusu moto."

"Sitaki."

"Najua. Niambie."

Akamwambia. Yote, na kelele zake. Mimi nilikaa karibu na mlango nikasikia mambo ambayo sitayaandika hapa, nimejifunza. Bi Kasoro alimshika ule mkono uliokunjamana muda wote. Mwisho Mama Lebo akauliza, kwa sauti ndogo, "Mungu alikuwa wapi?"

Nikamtazama mama yangu wa kiroho. Nikawaza, leo atajibu.

"Sijui," akasema. "Lakini nitakaa na wewe mpaka akuambie mwenyewe."

Jumatano asubuhi simu yangu iliita. "Fundi. Nani atanisindikiza hospitali?"

Alikwenda na mke wangu. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyeomba kwenda.

Mama Lebo alipona. Daktari alisema njia ya hewa ilikuwa imebaki upana wa mrija wa soda, na kwamba asingefika mwisho wa mwezi. Lakini uvimbe ulikuwa umejishika na mshipa wa sauti, na ule mshipa ulijeruhiwa. Mama Lebo sasa ananong'ona. Ile sauti ya utani wa shingo za nchi nzima haipo tena.

Na hapa ndipo wengi hawapendi simulizi hii.

Jumapili iliyofuata Mlezi alisimama akasema, "Nilionya kisu kisimguse. Mmeona kilichompata?" Watu wakaitikia amina. Kati ya wasikilizaji, wawili tu ndio waliotoka. Wengine wakaniita mtu wa machozi, na wapo wanaovuka barabara wakiniona mpaka leo.

Chumba kile kimejaa. Nimeambiwa wameongeza viti mpaka ngazini. Droo ile bado iko pale, na ndani yake kuna yangu, kuna ya mke wangu, labda kuna na yako, kama umewahi kumwambia mtu "niombee" halafu akatoa kalamu.

Alichoandika mke wangu sikumuuliza. Aliniambia mwenyewe, siku aliyoona inafaa, tukiwa tunakunja nguo. Hicho ni chetu.

Jumanne narudi nyuma ya majora. Sasa tuko wanne, mke wangu naye huja saa ya chakula. Mama Lebo akisoma inabidi sote tunyamaze ndipo tumsikie. Bado ni "tusome tena". Bado naondoka na maswali mengi kuliko majibu. Lakini masikio ninayotumia ni yangu.

Sisemi usiwe na mlezi wa kiroho. Peke yangu ningesikia hofu yangu tu na kuiita Bwana, na bila Bi Kasoro nisingefika ule mlango. Nakusihi tu, kabla hujamkabidhi mtu moyo wako, muulize swali moja: "Siku nikimsikia Mungu tofauti na wewe, utanifanya nini?"

Msikilize anavyojibu. Na ukisikia droo inafunguka, ondoka.